Kupima mawe ya shaba kabla ya kununua karasha: kilichomo ndani na jinsi yanavyosagika

Karatasi ya maabara ikisema shaba asilimia 2.4, kazi ndiyo kwanza inaanza. Shaba hiyo imekaa ndani ya madini gani? Na jiwe lenyewe linasagika kwa shida kiasi gani? Mgodi mmoja wa Kinusi, wilayani Mpwapwa, unaweza kutoa mawe ya kijani karibu na uso wa ardhi na mawe ya njano inayong'aa chini zaidi, yote yakiwa na asilimia ileile, lakini ya kwanza yanataka kulowekwa kwenye tindikali na ya pili yanataka povu, yaani unga wa madini unyanyuliwe na mapovu ya maji yenye dawa. Anayenunua mtambo kwa kutazama asilimia pekee anaweza kujikuta amenunua mtambo wa jiwe lisilo lake. Hapa tunaeleza namna ya kujibu maswali yote mawili kwa mzigo wa kilo 60 hivi, kuanzia kwenye rundo hadi kwenye ukubwa wa mota.

Sampuli kwanza, maana hapa ndipo kunaharibika zaidi

Usichague mawe. Jicho huenda kwenye kijani, mkono ukafuata, na matokeo yakawa ya mawe mazuri matano badala ya mgodi. Kwenye rundo, chimba vishimo kumi na mbili au zaidi kuzunguka pande zote, juu, katikati na chini, na kila kishimo uchukue mawe na vumbi lake kwa beleshi moja. Mawe makubwa huporomoka hadi chini ya rundo na unga hubaki juu, kwa hiyo anayechota sehemu moja anapima nusu ya hadithi. Malakaiti, yaani madini ya kijani ya shaba, ni laini: kwenye kipimo cha ugumu cha 1 hadi 10 ina 3.5 hadi 4, wakati kwatzi ya mwamba ina 7. Mawe yakivunjwa kwa nyundo, shaba ndiyo inayogeuka unga kwanza. Ukiacha vumbi chini, umeacha shaba.

Weka kando vipande ishirini hivi vya ukubwa wa ngumi kabla ya kuvunja chochote. Hivyo ni vya kutazama kwa darubini na kupima uzito kwenye maji.

Mengine yapitishe kwenye krasha la taya hadi milimita 12 au chini, kisha uyamwage kwenye turubai safi, chumbani au nyuma ya ukuta. Upepo wa Dodoma wakati wa kiangazi hauna simile: unga laini unaopeperuka ndio ule uliojaa malakaiti. Rundika koni kwa kumwaga kila beleshi juu ya kilele kilekile, ikandamize iwe kama chapati nene, kata robo nne, kisha uchukue robo mbili zinazotazamana. Kabla ya kukata na kugawa kweli, rundika koni upya mara tatu kwa kuchanganya tu. Ukiwa na boksi la mifereji ni bora zaidi, mradi upana wa kila mfereji uwe angalau mara mbili na nusu ya kipande kikubwa kuliko vyote. Mfereji mwembamba hukwama, na ukikwama upande mmoja hupata mawe na wa pili unga.

Mgawo wetu wa kawaida ni huu: kilo 12 za jaribio la Bond (linalopima nishati ya kusaga jiwe), kilo 6 za jaribio la muda wa kusaga, kilo 1 ya kemia, na zinazobaki ni akiba. Akiba hiyo usiiguse hata mtu akikuomba kipande cha kuonyesha.

Kausha kwenye oveni kwa nyuzi 105 kama ni mawe ya kijani. Yakiwa ya salfaidi, yaani yale ya chini ambayo shaba yake imeungana na salfa, shuka hadi nyuzi 60 na uvumilie, kwa sababu joto na hewa huanza kuyachakaza juu, na jiwe lililochakaa halishiki povu kama lilivyokuwa ardhini.

Kutazama kwa macho, tone la tindikali na msumari

Kabla ya mashine yoyote, tazama. Malakaiti ni ya kijani na unga wake ni kijani mpauko. Azuraiti ni ya buluu. Krisokola ni kijani cha kuelekea buluu, nyepesi, mara nyingi kama gamba la kioo. Kalkopairiti ni ya njano ya shaba nyeupe na unga wake ni mweusi wa kijani. Bonaiti ikikaa hewani hugeuka zambarau. Kalkosaiti ni ya kijivu cheusi na huchafua kidole.

Dondoshea tone la asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa. Malakaiti itatoa mapovu polepole na tone litageuka kijani. Kalisaiti itachemka kwa nguvu bila rangi. Krisokola haitoi mapovu. Kisha tumbukiza ncha ya msumari mpya, uliosuguliwa kwa msasa, ndani ya tone lile la kijani. Baada ya dakika moja au mbili msumari huvaa koti jekundu, na koti hilo ni shaba halisi. Kipimo hiki hakikupi asilimia, lakini kinatofautisha shaba na mawe mengine ya kijani, na Tanzania ina mengi ya namna hiyo.

Kemia: usiulize "shaba ngapi" tu

Kilo ile moja isagwe hadi angalau asilimia 85 ipite maikroni 75 (maikroni 1,000 ni milimita 1). Kabla ya sampuli yako kuingia kwenye kinu cha maabara, kisafishwe kwa kusaga mchanga mtupu wa kwatzi. Kinu kilichotoka kusaga mawe ya asilimia 10 huachia rangi kwenye mawe ya asilimia 1.

Mashine ya XRF ya mkononi, inayopima elementi kwa eksirei, inasaidia, ila inadanganya ikielekezwa kwenye jiwe zima. Mwanga wake huingia kina kidogo sana, na mawe ya shaba hupasuka palepale kwenye mishipa ya malakaiti. Uso uliopasuka huwa umepakwa kijani, hivyo unasoma rangi ya ukuta ukidhani umepima nyumba. Pima unga uliochanganywa, ndani ya kikombe chenye utando, mara tatu, ukitikisa kila mara.

Kwa namba ya kufanyia uamuzi, peleka unga kwenye maabara. Ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, iko hapahapa Dodoma. Usiandike "shaba" peke yake kwenye fomu. Omba vitu vitano:

shaba yote, kwa kuyeyusha na kusoma kwa AAS (mashine inayopima metali iliyoyeyuka kwa kutumia mwanga);
shaba inayoyeyuka kwenye tindikali baridi;
salfa yote;
chuma, kalsiamu, magnesiamu, silika na alumina kwa XRF;
uzito unaopotea kwa kuunguzwa.

Katika kila sampuli 20, ingiza sampuli moja iliyorudiwa kwa jina tofauti na moja ya mchanga mtupu. Zikirudi na namba zisizoeleweka, rudisha kazi yote.

Shaba inayoyeyuka kwenye tindikali baridi ndiyo namba yenye thamani kuliko zote kwa mawe ya juu. Utaratibu wake: gramu 1 ya unga, mililita 50 za asidi ya salfuriki ya asilimia 5, itikiswe saa moja kwenye joto la kawaida la chumba, ichujwe, na maji yasomwe kwenye AAS. Tumia maji yaliyochujwa kwa mvuke, siyo ya bomba, kwa kuwa maji ya visima vya huku kwetu yana chumvi. Tindikali ndiyo imwagwe ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya tindikali. Ukipasha moto au ukizidisha muda, kalkosaiti nayo huanza kuyeyuka, ukahesabu salfaidi kama oksidi, yaani kama mawe ya juu yanayoyeyuka.

Chukua mfano. Shaba yote asilimia 2.4, ya tindikali 1.9, salfa 1.3. Asilimia 79 ya shaba ni ya kuyeyuka. Ikiwa darubini inaonyesha ni malakaiti, ambayo ina shaba asilimia 57.5, basi 1.9 gawanya kwa 0.575 ni malakaiti asilimia 3.3 ya jiwe. Shaba iliyobaki, 0.5, ikiwa kwenye kalkopairiti yenye shaba asilimia 34.6, ni kalkopairiti asilimia 1.45, ambayo inabeba salfa kama 0.5. Lakini umepima salfa 1.3. Hiyo 0.8 ya ziada, kama hakuna salfeti, inakaa kwenye pairiti, madini ya chuma na salfa yasiyo na shaba, nayo ina salfa asilimia 53.4, kwa hiyo una pairiti asilimia 1.5. Sasa una picha ya jiwe. Salfa ikiwa haitoshi hata kwa kalkopairiti uliyoikadiria, ujue shaba imekaa kwenye bonaiti, kalkosaiti au krisokola iliyogoma kuyeyuka, na hesabu irudiwe.

Kalsiamu nayo isomwe kwa makini. Kila kilo ya kalisaiti inakula kilo 0.98 ya asidi ya salfuriki. Jiwe lenye kalisaiti asilimia 5 linakula kilo 49 kwa tani kabla hujapata faida yoyote. Shaba yenyewe, ikiwa malakaiti, inadai kilo 1.54 kwa kila kilo ya shaba, yaani kilo 29 kwa shaba ile ya 1.9. Hapa kalisaiti imekula zaidi ya shaba. Mradi wa kuloweka mawe kwenye tindikali unaweza kufa kwa sababu hiyo moja, na karatasi ya asilimia ya shaba isingekuambia.

XRD, kipimo cha eksirei kinachosoma mpangilio wa fuwele, hutaja madini kwa majina, lakini chini ya asilimia 1 au 2 huyapoteza kwenye kelele, na krisokola haionekani vizuri kwa sababu haina mpangilio thabiti wa fuwele. Kwa hiyo itumie kujua mwamba: kwatzi, felspa, udongo, kalisaiti. Kwa madini ya shaba, vipande vilivyong'arishwa na darubini ya mwanga wa kurudishwa ni bora. Pima ukubwa wa punje za kalkopairiti na utazame zimefungwa na nini. Punje za maikroni 150 zikiwa peke yake ndani ya kwatzi ni habari njema. Za maikroni 20 zilizomezwa na pairiti zinamaanisha kusaga sana, na umeme mwingi.

Jaribio la Bond: kupima ukaidi wa jiwe

Fred Bond wa kampuni ya Allis-Chalmers ya Marekani alichapisha nadharia yake mwaka 1952 na fomula inayotumika mpaka leo mwaka 1961. Kinu chake kina kipenyo cha milimita 305 na urefu uleule, kinazunguka mara 70 kwa dakika, kina gololi 285 za chuma za ukubwa tofauti zenye uzito wa kilo 20.1 hivi, na kinasaga kikavu. Ukibadilisha kimojawapo, namba utakayopata siyo ya Bond. Pima gololi kwenye mizani kila baada ya majaribio machache, kwani huisha pole pole.

Zile kilo 12 zivunjwe hadi zote zipite milimita 3.35. Vunja kwa hatua: chekecha kwanza, yaliyobaki juu ndiyo yarudi kwenye krasha, kisha chekecha tena. Mtu mwenye haraka hupitisha yote mara nyingi, akapata unga mwingi kabla jaribio halijaanza, na jiwe likaonekana tofauti na lilivyo.

Jaza mililita 700 kwenye silinda ya kupimia huku ukigonga pembeni mpaka ishindiliwe, kisha pima uzito. Tuseme ni gramu 1,260. Gawanya kwa 3.5, unapata 360. Hizo ndizo gramu za unga uliopita unazotaka kila duru, ili mzigo unaorudi kinuni bila kupita chekeche uwe asilimia 250 ya uliopita. Chekecha sehemu ya mbichi upate F80, yaani tundu ambalo asilimia 80 ya mawe hupita, na pia asilimia inayopita chekeche la kufungia, yaani lile linalotenga unga uliopita kila duru. Tuseme chekeche ni maikroni 106, F80 ni maikroni 2,400, na asilimia 15 tayari inapita.

Zungusha kinu mara 100. Toa vyote, chekecha kwa maikroni 106, pima unga uliopita. Umepata gramu 310. Ndani ya mzigo mbichi zilikuwemo tayari gramu 189, kwa hiyo ulizotengeneza ni 121, sawa na gramu 1.21 kwa kila mzunguko wa kinu. Rudisha yaliyobaki juu ya chekeche pamoja na mbichi gramu 310 kufidia. Hiyo mbichi imeleta unga wake gramu 46.5, hivyo unahitaji kutengeneza 313.5 tu. Gawanya kwa 1.21: zungusha mara 259. Endelea hivyo hadi namba ya gramu kwa mzunguko itulie, mara tatu za mwisho zikipishana si zaidi ya asilimia 3. Kwa kawaida huchukua duru kama saba, na mtu mmoja anaimaliza siku nzima. Asikatishwe.

Chukua wastani wa tatu za mwisho, tuseme 1.30, na P80 ya unga wa duru hizo, yaani tundu ambalo asilimia 80 ya unga hupita, tuseme maikroni 80. Fomula ya Wi, yaani namba ya Bond ya ukaidi wa jiwe, kwa tani ya kilo 1,000 ni:

Wi = 49.05 ÷ [P1^0.23 × G^0.82 × (10/√P80 − 10/√F80)]

P1 ni chekeche, 106, na ikipandishwa kwa kipeo 0.23 inatoa 2.923. G ni gramu kwa mzunguko, 1.30, na kwa kipeo 0.82 inatoa 1.240. Tofauti ya mabano ni 1.118 kutoa 0.204, yaani 0.914. Zidisha vyote, upate 3.312, kisha gawanya 49.05 kwa namba hiyo: Wi ni kilowati-saa 14.8 kwa tani. Jiwe la wastani kuelekea gumu.

Kosa linalojirudia ni chekeche lililoziba. Unga mzuri uliong'ang'ania kwenye nyaya huhesabiwa kama haukupita, G inashuka na jiwe linaonekana kaidi. Mawe ya juu ya Mpwapwa yakiwa na udongo, hili ni tatizo la kila duru. Weka gramu 100 hadi 150 tu kwa wakati kwenye chekeche la milimita 200, na upige brashi laini upande wa chini.

Kama kinu cha Bond hakipatikani, tumia mbinu ya Berry na Bruce ya mwaka 1966: saga jiwe ambalo Wi yake inajulikana na jiwe lako ndani ya kinu kimoja, uzito mmoja, muda mmoja. Wi yako ni ile inayojulikana mara mabano ya jiwe la rejea, gawanya kwa mabano ya jiwe lako. Inatosha kuchagua mtambo. Haitoshi kuingia mkataba wa mamilioni.

Kutoka Wi hadi mota

Kusaga kutoka 2,400 hadi 75 kunadai 14.8 × (1.155 − 0.204), yaani kilowati-saa 14.1 kwa tani. Hesabu hiyo ni ya kinu chenye maji cha kipenyo cha mita 2.44. Kinu cha mita 1.2 kinapoteza zaidi: zidisha kwa 1.15, upate 16.2. Tani mbili kwa saa zinataka kilowati 32 kwenye kinu chenyewe, na ukiongeza upotevu wa mkanda na gia, mota isiwe chini ya 37. Ukisaga kikavu, zidisha tena kwa 1.3. Muuzaji atakayekuambia mota ya kilowati 22 inatosha kwa jiwe hili, mwombe akuonyeshe hesabu.

Muda wa kusaga, na shaba inakokwenda

Chukua kilo 1 za mawe yaliyopita milimita 3.35, mililita 600 za maji, kinu kilekile kila mara. Saga mafungu manne: dakika 5, 10, 20 na 30. Kila fungu lichekechwe kwa maji kwanza, kwenye chekeche la maikroni 38, kwa bomba la maji ya taratibu. Shika chekeche kwa mikono miwili, lizungushe, litikise. Mwanzo maji hutoka kama chai ya maziwa, kisha kama maji ya mchele. Acha pale tu yanapokuwa maangavu kabisa ndani ya beseni safi, ukitazama kwenye mwanga. Wengi huacha kwenye maji ya mchele, na kile kilichobaki hukaukia juu ya punje kubwa kikizipa shaba isiyo yao. Kausha kilichobaki, halafu ndipo uchekeche kikavu kwa dakika 15 hadi 20.

Tuseme vilivyopita 75 ni asilimia 12 kabla ya kusaga, halafu 36, 54, 76 na 88. Asilimia 80 inaangukia karibu na dakika 23. Namba hiyo ni ya kinu chako tu, usimpe jirani.

Sasa fungu la dakika 20 lipimwe shaba kwa kila ukubwa. Mfano: juu ya 106, uzito asilimia 10, shaba 1.1, kati ya 106 na 75, asilimia 14, shaba 1.8, kati ya 75 na 38, asilimia 26, shaba 2.6, chini ya 38, asilimia 50, shaba 2.72. Zidisha na ujumlishe: 2.40, sawa na jiwe lilivyoingia. Jumla isipofika karibu, kuna kitu kimemwagika au kimechanganyika, na uchambuzi hauna maana.

Tazama kinachotokea. Zaidi ya nusu ya shaba yote, asilimia 57, imekwenda chini ya maikroni 38, huku juu ya 106 ikibaki asilimia 5 tu, ndani ya kwatzi. Ukiongeza dakika kumi ili uipate hiyo 5, utaisaga malakaiti iliyokwisha kuachana na mwamba mpaka iwe tope. Tope chini ya maikroni 20 hukataa povu, hula dawa, na kwenye meza ya kutikisa huondoka na maji. Kwa jiwe kama hili, saga kifupi, chekecha, toa kilichopita, kisha rudisha kinuni kilicho juu ya 106 peke yake. Kwa kuloweka kwenye tindikali, jaribu kwanza kuacha kusaga kabisa: chupa moja yenye mawe ya milimita 12, nyingine ya milimita 3.35, tindikali ileile, upime shaba kila siku. Malakaiti ikiwa kwenye mipasuko, mawe makubwa yanaweza kutosha, na mota yote ile ikawa haihitajiki.

Kazi zote za kikavu zifanywe ukiwa na barakoa ya vumbi laini, siyo kitambaa. Vumbi la kwatzi linaua mapafu pole pole na halitibiki.

Akiba ya mawe ya salfaidi ifungwe kwenye mifuko miwili ya plastiki, hewa itolewe, ikae kwenye friza, na lebo iandikwe ndani na nje: kina cha shimo, tarehe, nani alichota. Shimo likifika kwenye usawa wa maji na kijani kikianza kupotea, chota kilo 60 nyingine na uanze upya.